Bahasha Nane kutoka Ng'ambo

Ilikuwapo nchi, na mpaka leo ipo, maana haikupata pa kuhamia. Jina lake tuliache, kwa kuwa wenyewe hawapendi litajwe na watu wasio na kibali. Mashariki yake kuna mto, juu ya mto kuna daraja la chuma, na ukimaliza daraja kuna nchi nyingine ambayo kwa mujibu wa sheria haipo. Kwa kuwa haipo, haiwezi kuwa na jina, na katika nyaraka zote za serikali inaitwa Ng'ambo tu.

Zamani ilikuwapo. Siku moja ya sherehe Mtukufu Mkuu wa Nchi alisimama darajani kuhutubia, upepo ukamvua kofia na kuitupa mtoni. Watu wa Ng'ambo wakaiopoa kule chini, wakaifua, wakaipiga pasi, wakairudisha kesho yake ikiwa imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili kuijadili kofia hiyo. Wakakubaliana kwamba mtu hafui kitu mpaka akione kichafu, na kwamba nchi iliyoiona kofia ya Mtukufu kuwa chafu haistahili kuendelea kuwapo. Siku ya tatu, saa sita mchana, daraja likafungwa. Aliyekuwa upande huu alibaki huu, na aliyekuwa upande ule alibaki ule, hata kama alikwenda kuazima mwiko.

Bi. Mize alikuwa upande ule. Kazi yake ilikuwa kuandika majina juu ya bahasha za kadi za harusi, na mwandiko wake ulitafutwa kutoka wilaya tatu. Zipo familia zilizosogeza mbele siku ya ndoa ili zimsubiri amalize kadi za wenzao. Alivuka siku ile ile kofia inarudishwa, kwenda kuandika kadi za tajiri mmoja wa Ng'ambo, kazi ya siku tatu. Binti yake, Sihaba, alikuwa na miaka sita. Alimwacha kwa shangazi yake, akamwahidi kwamba akirudi watakwenda dukani kununua sare, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na Sihaba alikuwa aingie darasa la kwanza. Sare ikaja kununuliwa na shangazi.

Mto wenyewe si mpana. Ukisimama kwenye ukingo unawaona watu wa Ng'ambo wakichota maji na kuanika nguo, ila huwezi kumtambua mtu kwa sura, ni vitambaa tu vya rangi vinavyotembea. Utotoni Sihaba alikuwa akitoka shule anakwenda kusimama pale, anamchagua mwanamke mmoja wa upande ule, anaamua kwamba leo huyo ndiye mama yake, na anamtazama mpaka aondoke. Kesho yake anachagua mwingine.

*

Alipokuwa kidato cha nne Sihaba alisikia habari iliyomkaa kichwani na haikutoka tena. Katika nchi nzima, alisikia, kuna mtu wa aina moja tu anayeruhusiwa kukanyaga daraja, naye ni mwenye Shahada yenye Heshima ya Uhusiano wa Kimataifa. Ile shahada nyingine, isiyo na heshima, hupewa wanafunzi wote wanaobaki.

Mwenye shahada hiyo hupelekwa darajani mara moja kwa mwaka, Siku ya Makabidhiano. Huchukua Barua ya Malalamiko ya nchi yake, huenda nayo mpaka katikati ya daraja, humkabidhi mjumbe wa Ng'ambo, hupokea jibu la barua ya mwaka uliopita, kisha hurudi. Mambo yote hayo yana dakika kumi. Mwaka ambao hakuna mhitimu, barua huenda na kurudi kwa kikapu na kamba, na mpaka wakati huo mhitimu alikuwa amepatikana mmoja tu. Jambo hilo Idara ililihesabu kuwa ushahidi wa ubora wa masomo yake.

Sihaba hakuwa na hamu yoyote na uhusiano wa kimataifa. Alichotaka ni dakika kumi za kusimama juu ya lile daraja, pahali ambapo mtu wa Ng'ambo akimtazama ataiona sura yake. Shangazi Tausi, aliyemlea, alimwuliza kwa nini asisome ualimu kama watoto wa watu, kazi ipo na likizo zipo. Sihaba akamjibu kwamba walimu hawaruhusiwi darajani, na Shangazi Tausi hakuliuliza tena swali hilo.

Fomu ya kujiunga ilikuwa na maswali arobaini. La kumi na nne liliuliza kama mwombaji ana ndugu yeyote nje ya nchi, kwa kuwa Idara ya Uhusiano wa Kimataifa haimpokei mtu mwenye uhusiano na mataifa. Sihaba alikaa na fomu ile mezani asubuhi nzima. Mwishowe shangazi yake ndiye aliyemsogezea kalamu.

"Andika hapana, mwanangu," alimwambia. "Mimi nipo, namjua mama yako. Hatachukia."

Akaandika hapana. Aliiandika vizuri, kwa herufi za kusomeka, kisha akaenda uani kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

*

Mwongozo wa Shahada yenye Heshima una kurasa mia mbili na kumi na mbili, na ukurasa wa mwisho hapewi mwanafunzi mpaka amalize kutimiza zile nyingine.

Sharti la kwanza lilikuwa lugha ya kigeni, na lugha ya kigeni iliyofundishwa ilikuwa lugha ya Ng'ambo. Sasa, lugha ya Ng'ambo ni hiyo hiyo inayosemwa upande huu, neno kwa neno, matusi na salamu. Hata hivyo Mwongozo ulitaka isomwe kama lugha ya kigeni kwa mihula mitatu, kwa msaada wa kamusi iliyotungwa na Idara yenyewe, ambamo neno "maji" limefafanuliwa kuwa ni maji, na neno "mama" limefafanuliwa kuwa ni mama. Mtihani wa mdomo ulifanywa kukiwa na mkalimani. Sihaba alipata tisini na nane, akaitwa mbele ya kamati kueleza raia mwema amejuaje lugha ya wageni kwa ufasaha kiasi hicho. Aliporudia mtihani alijikaza akababaika vya kutosha, akapata sabini na moja, na kamati ikamsifu kwa bidii.

Sharti la pili lilikuwa muhula mmoja nje ya nchi. Kwa kuwa kutoka nje ya nchi ni kosa la jinai, Idara ilikuwa imetenga chumba nyuma ya maktaba, chenye vitanda vinne na kibao mlangoni kilichoandikwa NJE YA NCHI. Mwanafunzi alikabidhiwa pasipoti, mlinzi akaigonga mhuri, na tangu hapo kwa wiki kumi na nne hakutakiwa kumjua mtu yeyote aliyemwona dirishani. Shangazi Tausi, ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka hapo, alikuja na bakuli la mihogo ya nazi, akaambiwa kwamba binti yake yuko ng'ambo ya bahari na sauti haifiki. Mihogo ilipita, baada ya mlinzi kula vipande viwili vya ushuru.

Katika muhula huo wanafunzi walipimwa kiasi wanachokumbuka nyumbani, kila Ijumaa, kwa alama. Wengine walipata arobaini, hamsini. Sihaba alipata mia moja wiki zote kumi na nne. Mhadhiri, ambaye hakuwahi kuona matokeo ya namna hiyo, alimwuliza amefanya mazoezi gani. Sihaba akajibu kwamba yeye alianza mapema.

*

Mwaka wa nne, wale waliobaki walipewa msimamizi wa tasnifu. Waliobaki walikuwa Sihaba peke yake, na msimamizi alikuwa Profesa Mwinyikombo, Mkuu wa Idara na mwasisi wa Elimu ya Bahasha.

Elimu hiyo inahitaji maelezo kidogo. Kila mwaka Ng'ambo ilijibu Barua ya Malalamiko, na kila jibu lilipokelewa kwa taadhima, likaandikishwa, likafungiwa stoo. Halikufunguliwa. Kufungua barua ya mtu ni kukubali kwamba yupo, na Ng'ambo haipo. Lakini haiwezekani taifa lenye heshima zake lisichambue msimamo wa jirani, na kwa hiyo Profesa Mwinyikombo, akiwa bado na nywele kichwani, alivumbua njia ya kuzichambua barua kwa nje. Walipima uzito. Walichunguza gundi, mikunjo, rangi ya karatasi, upande ambao stempu imelalia. Mhitimu yule wa kwanza alikuwa amechambua majibu manane ya mwanzo na kuthibitisha kwamba Ng'ambo inazidi kuwa na hasira, kwa kuwa kila bahasha iliizidi ya mwaka uliotangulia kwa gramu mbili.

Yalikuwa yamebaki majibu manane mengine, na hayo ndiyo aliyopewa Sihaba. Profesa alimfungulia stoo, akamvisha glavu nyeupe za pamba, akamwekea bunda mezani kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Sihaba akaangalia bahasha ya juu. Ilikuwa imeandikwa: Kwa Mtukufu Mkuu wa Nchi. Ile K ilikuwa na mguu mrefu uliopita chini ya herufi mbili zinazofuata na kuishia kwa kijipindo kidogo. Sandukuni kwa Shangazi Tausi kulikuwa na kadi ya harusi yake mwenyewe, imehifadhiwa ndani ya bahasha yake, na juu ya bahasha hiyo kulikuwa na K ya namna hiyo hiyo. Sihaba aliijua K ile tangu utotoni. Ndiyo herufi ya kwanza aliyojifunza kuinakili, kwa kidole, juu ya vumbi la uani.

Akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Profesa akamshika mkono, akamketisha, akamwambia kwamba hata yeye ilimtokea hivyo hivyo siku ya kwanza, na kwamba elimu ina uzito wake.

Kwa miezi tisa Sihaba alikwenda stoo kila siku asubuhi kukaa na mwandiko wa mama yake. Alikuwa na furaha, na aibu ya kuwa na furaha, na hofu ya kugunduliwa, vyote pamoja, na alipokuwa akirudi nyumbani alimweleza Shangazi Tausi kila kitu, herufi gani imekaaje, wino wa mwaka huu rangi gani. Shangazi alikuwa akiacha kupepeta mchele ili asikie vizuri. Yuko hai basi, walisema. Ana kazi ya serikali huko, si haba. Zaidi ya hayo, kila mtu alijua kwamba mjumbe wa Ng'ambo huja darajani na mwandishi wake, wa kuandika hati ya mapokezi papo hapo. Maana yake Bi. Mize alikuwa akija mpaka katikati ya daraja kila mwaka, anakuta kikapu na kamba.

Lakini mambo hayakuwa mazuri mpaka mwisho. Katika bahasha ya tano mkono ulianza kutetemeka. Katika ya saba mwandishi alikuwa akiinua kalamu katikati ya neno, anapumzika, ndipo anaendelea. Bahasha ya nane iliandikwa na mtu mwingine kabisa, mwenye K fupi ya kawaida.

Siku moja alimwuliza Profesa kama hajawahi kutamani kujua kilichomo.

Profesa Mwinyikombo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Nilitamani, mwanangu, mwaka wa kwanza na wa pili," alisema. "Mwaka wa tatu nikatoa kitabu juu ya gundi. Sasa nina vitabu vitano. Nikifungua moja nikakuta nilikosea, nitakwenda wapi na umri huu?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujibiwa, na Sihaba akamwonea huruma.

*

Wiki moja kabla ya utetezi wa tasnifu, Sihaba alikabidhiwa ule ukurasa wa mwisho wa Mwongozo. Ulikuwa na kifungu kimoja. Mtahiniwa akishafaulu atazichoma bahasha zake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jopo, zikiwa hazijafunguliwa, ili tasnifu isije ikabishana na ushahidi. Akikataa, atapewa shahada isiyo na heshima. Akifungua hata moja, atafungwa.

Alikwenda nao nyumbani, akamsomea shangazi yake barazani, saa nane mchana. 

"Zile barua ni za nani?" aliuliza Shangazi Tausi.

"Za serikali yao kwa serikali yetu."

"Na mama yako ameandika nini?"

"Juu. Ameandika juu."

"Basi ndani kaandika waziri," alisema Shangazi Tausi. "Mimi namjua Mize. Maisha yake yote kaandika bahasha za watu, hajui hata harusi ilikuwa saa ngapi. Ndani utakuta maneno ya wakubwa. Mama yako yuko nje ya bahasha, na huko umeshamsoma. Sasa uchome karatasi umwone mtu, au ushike karatasi umkose mtu?"

Sihaba akauliza je, ile ya nane, iliyoandikwa na mwingine?

"Labda alikuwa likizo," alisema shangazi yake, akaukunja ule ukurasa vipande vinne, akaukunjua tena.

Sihaba alitaka sana iwe likizo. Aliitaka likizo hiyo kwa nguvu mpaka ikaanza kuwa na sura: mama yake amekaa kivulini mahali fulani, mikono haina kazi, mtu mwingine anahangaika na bahasha kwa mwaka huo mmoja tu. Kwa muda wa siku saba aliishikilia picha hiyo na hakuiruhusu iondoke.

*

Jopo lilikuwa na watahini watano. Wawili kati yao walikuwa maofisa wa Usalama waliosomea mifugo, lakini walivaa majoho kama wenzao. Baada ya wimbo wa taifa na maelezo marefu ya Profesa kuhusu mchango wa gundi katika amani ya dunia, mwenyekiti alimtaka mtahiniwa alieleze jopo huyo mwandishi wa bahasha saba za kwanza ni mtu wa namna gani.

Sihaba alisimama. Alisema kwamba, kwa kuzingatia mlalo wa herufi, mwandishi ni mwanamke, na anatumia mkono wa kushoto. Alisema kwamba amezoea kuandika majina ya watu wenye furaha, kwa kuwa kila neno la mwisho linapanda juu kidogo. Ni mtu anayeandika polepole. Hajawahi kufuta hata herufi moja. Kuanzia mwaka wa tano anaumwa, na huenda maradhi hayo yako kifuani kuliko mkononi, kwa kuwa anapumzika mahali ambapo mtu huvuta pumzi. Hakuna mtu wa kumwambia aache kazi, au yupo na hamsikilizi. Hapo akaomba maji, akapewa.

"Na bahasha ya nane?" aliuliza mwenyekiti.

"Ya nane ina mwandishi mwingine."

"Tafsiri yako ni ipi?"

Sihaba alitazama zile bahasha juu ya meza. Watahini wote walikuwa wameshika kalamu.

"Tafsiri yangu," alisema, "ni kwamba yule wa kwanza yuko likizo."

Wakaandika. Mwenyekiti akasema kwamba katika miaka yake yote hajapata kusikia uchambuzi wa kisayansi uliokamilika namna ile, usio na chembe ya hisia binafsi. Alama zilikuwa tisini na sita. Ofisa mmoja wa mifugo alipiga makofi peke yake, akaona wengine hawapigi, akaacha.

Jiko la mkaa lilikuwa tayari uani, limekolea, likilindwa na mtumishi mwenye upepeo. Sihaba aliziweka moja moja. Glavu alikuwa amezivua, na hakuna aliyemkataza. Ile ya kwanza ilijikunja kuanzia pembeni, na K ndiyo iliyochelewa kushika moto. Profesa Mwinyikombo alikuwa amegeuka upande wa ukuta, akisoma tangazo la usafi kwa makini. Bahasha ya nane ilipotiwa, moto uliifumua upande mmoja, karatasi ya ndani ikajitokeza kidogo ikiwa na mistari ya wino, na Sihaba akanyoosha mkono kabla hajajua anafanya nini. Mtumishi akapepea. Haikuchukua muda.

*

Siku ya Makabidhiano bendi ya polisi ilipiga, hotuba tatu zikasomwa, na mhitimu akavishwa joho jeusi na mshipi mwekundu uliodariziwa HESHIMA kwa uzi wa dhahabu. Malalamiko ya mwaka huo yalihusu moshi wa samaki wa kukaanga, ambao ulikuwa ukivuka mto bila viza. Sihaba aliambiwa kwamba akifika katikati anaruhusiwa kusema "tumeleta" na "tumepokea", na kwamba kitu kingine chochote kitahesabiwa kuwa mazungumzo.

Alitembea. Daraja lilikuwa na kutu, mbao nyingine zilikuwa zimeondoka, na chini yake maji yalionekana. Kutoka upande wa pili walikuja watu wawili, mmoja mnene mwenye mwavuli, huyo ndiye mjumbe, na mwingine mwanamume wa makamo aliyebeba kibao cha kuandikia. Sihaba aliangalia nyuma yao. Aliangalia tena. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Alimkabidhi mjumbe barua, akapokea bahasha. Yule mwanamume alipiga goti moja, akaweka kibao juu ya goti la pili, akaanza kuandika hati. Ilikuwa ile K fupi.

"Aliyekuwa akiwaandikia bahasha zenu yuko wapi?" aliuliza Sihaba.

Mwanamume akainua kichwa. Jina lake lilikuwa Hatibu, lilionekana kifuani mwake. "Unamuulizia wewe kama nani?"

"Kama mwanawe."

Mjumbe mnene alifunga mwavuli. Hatibu aliiweka kalamu chini, akasimama, akavua kofia yake.

"Bi. Mize amefariki, dada yangu," alisema. "Sasa ni mwaka na nusu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Barua ya mwaka jana niliandika mimi, juu na ndani. Nilikueleza kaburi liko wapi."

Sihaba alisema hakuipata. Alisema kwao barua hazifunguliwi. Hatibu alimtazama kana kwamba hajamsikia vizuri, naye akalazimika kurudia.

Ndipo Hatibu akamweleza, harakaharaka, kwa kuwa dakika zilikuwa zikienda. Kila mwaka waziri wao aliandika maneno yale yale, kwamba wanaomba radhi kwa habari ya kofia, na kwamba nyie tajeni siku, daraja lifunguliwe. Bi. Mize alikuwa ameomba mwenyewe kazi ya kuandika bahasha, akapewa, na chini ya maneno ya waziri aliruhusiwa kuongeza mstari mmoja wake. Mstari huo Hatibu aliujua kwa moyo. Sihaba, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, nitakuwa ukingoni chini ya tangi la maji, nimevaa kanga nyekundu. Nawe uvae nyekundu, usimame upande wenu nikuone.

"Alikwenda?" aliuliza Sihaba.

"Miaka saba. Mwisho tulikuwa tukimpeleka kwa baiskeli."

Nyuma yake Sihaba alisikia askari wakijipanga. Alitaka kuuliza mambo mengi na likatoka moja.

"Alisema nini, alipoona siji?"

 "Mwanzo alisema barua zinachelewa," alisema Hatibu. "Baadaye alisema, labda mwanangu hawakumpeleka shule. Labda hajui kusoma. Hilo lilimuuma kupita hata daraja. Alijilaumu kwamba aliondoka kabla hajakufundisha herufi."

Upepo uliupeperusha ule mshipi mwekundu, na Sihaba akaushika kwa mkono ili utulie. Alikuwa akilia waziwazi sasa, mbele ya mataifa mawili, na bendi ilikuwa bado inapiga.

"Nilisoma," alisema.

"Naona," alisema Hatibu, akiangalia lile joho. "Basi Ijumaa nikipita kaburini nitamwambia."

"Mwambie nimesoma," alisema Sihaba. "Usimwambie nilisoma nini."

Hatibu akaitikia kwa kichwa. Alimalizia kuandika hati, akampa, na askari wa upande huu akapiga filimbi.